Antena za redio ya ridhaa kwenye gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofunga redio ya ridhaa (redio ya mawasiliano kwa ajili ya hobi) garini hutumia siku nyingi kuchagua redio na dakika chache kuchagua antena. Ingefaa iwe kinyume chake. Wati 20 kwenye antena iliyofungwa vizuri zinaweza kusikika ng'ambo ya bahari, ilhali wati 100 kwenye antena iliyofungwa ovyo huishia kupasha joto koili na bodi ya gari. Majibu yaliyo hapa yanahusu masafa ya HF (MHz 3 hadi 30) pamoja na bendi za mita 2 (MHz 145 hivi, kwenye VHF) na sentimita 70 (MHz 435 hivi, kwenye UHF). Kuna jambo moja litakalojirudia humu kwa sababu halisemwi vya kutosha: fimbo unayoiona juu ya gari ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni gari lenyewe.

Antena ya gari ina sehemu zipi?

Kuanzia chini: kitako kinachoishikilia kwenye bodi, kebo ya koaksi inayotoka kwenye redio, kifaa cha kulinganisha ukinzani kama kinahitajika, kipande kinene cha chini ambacho wengi hukiita mlingoti, koili, kisha fimbo nyembamba ya juu ambayo wakati mwingine huvikwa kofia ya kapasitansi. Antena za VHF na UHF hazina sehemu nyingi kati ya hizo. Mara nyingi ni kitako na fimbo basi. Bodi ya gari haimo kwenye boksi uliloletewa, ila ihesabu kuwa sehemu ya antena.

Kwa nini antena za HF zinasumbua kuliko za VHF?

Ni urefu. Gawanya 71.5 kwa masafa yaliyo katika MHz, utapata urefu wa fimbo ya robo wimbi katika mita. Kwenye MHz 145 ni sentimita 49 hivi, na kwenye MHz 435 ni sentimita 16. Kwenye MHz 28.4 ni mita 2.5, ambayo gari bado linaibeba bila shida. Lakini kwenye MHz 14.2 ni mita 5, kwenye MHz 7.1 ni mita 10, na kwenye MHz 3.6 ni karibu mita 20.

Kwa hiyo kwenye bendi za chini tunalazimika kutumia fimbo fupi, na ufupi huo una adhabu mbili. Ya kwanza ni kwamba fimbo fupi hujifanya kapasita, kwa hiyo inahitaji koili ya kuifuta hali hiyo ndipo antena iwe katika rezonansi, yaani ikubaliane na masafa unayorusha. Ya pili ndiyo kubwa: ukinzani wa mnururisho hushuka vibaya. Huu ni ule ukinzani unaowakilisha nguvu inayotoka kweli kuwa mawimbi hewani. Kwa fimbo ya mita 2.5 yenye koili chini, ni kama omu 1.4 kwenye MHz 7.1, na chini ya omu 0.4 kwenye MHz 3.6. Ukinzani wa koili na wa ardhi (yaani bodi ya gari na udongo ulio chini yake), ambao kazi yao ni kutoa joto tu, huwa ni omu kadhaa. Mkondo ni uleule unaopita kote, hivyo palipo na omu nyingi ndipo nguvu inapokwenda.

Kwa mita 2, nichague robo wimbi, nusu wimbi au tano ya nane?

Anza na robo wimbi katikati ya paa. Ni fupi, haina koili ya kuharibika, inapita chini ya matawi, na huwa na upana wa masafa unaotosha bendi nzima. Fimbo ya tano ya nane ina urefu wa mita 1.2 au zaidi na koili ndogo ya kulinganisha pale chini. Inasukuma mawimbi karibu zaidi na upeo wa macho, jambo ambalo linafaa kwenye nchi tambarare ambako ripita (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena) iko mbali. Kwenye milima, ripita inapokuwa juu ya kichwa chako, robo wimbi haina upungufu wowote na mara nyingine hushinda. Tukumbuke pia kwamba zile desibeli (kipimo cha ongezeko la nguvu) zinazoandikwa kwenye matangazo zimehesabiwa kwa ardhi bapa isiyo na mwisho, na paa la gari haliko hivyo.

Nusu wimbi, yenye urefu wa mita moja hivi, ina sifa yake ya pekee: haitegemei sana chuma kilicho chini yake. Itunze kwa ajili ya gari lisilo na paa la chuma, au kwa kitako kilicho kwenye kioo cha pembeni au kwenye ngazi ya nyuma.

Fimbo moja ya mita 2 inaweza kutumika kwenye sentimita 70?

Inaweza, kwa sababu robo wimbi ya MHz 145 ni robo tatu za wimbi kwenye MHz 435, na mita ya SWR (kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio na kebo) itaonyesha mambo safi. Ila sehemu kubwa ya mawimbi itaelekea juu angani. Kwa mtumiaji wa kawaida wa sentimita 70, antena iliyotengenezwa makusudi kwa bendi mbili ni bora.

Niifunge wapi kwenye gari?

Kwa VHF na UHF, katikati ya paa, hapana shindano. Ukiisogeza pembeni, mawimbi huegemea upande ambako bodi imetanda zaidi, yaani upande ulio kinyume na ulipofunga. Ukiiweka kwenye bampa la nyuma, bodi nzima ya gari inasimama mbele yake kama ukuta.

Kwa HF, kanuni ni hii: chuma kingi kiwe moja kwa moja chini ya antena, na koili iwe juu ya paa au angalau iwe na nafasi kutoka kwenye bodi. Antena ndefu iliyofungwa chini kwenye bampa, sehemu yake ya chini ikikaribiana na mlango wa nyuma, hupoteza mengi kwa sababu kipande kile chenye mkondo mkubwa kuliko vyote kimejificha ubavuni mwa gari. Kati ya antena fupi iliyofungwa juu na antena ndefu iliyofungwa chini, mimi ningepima zote mbili kabla ya kuamini urefu.

Kitako cha sumaku au nitoboe tundu?

Kutoboa ni bora, na najua hakuna anayefurahia kusikia hivyo. Kitako cha NMO huhitaji tundu la milimita 19 (au milimita 10 kwa aina nyingine), hufunga maji yasiingie, na hugusa chuma cha paa moja kwa moja. Antena za HF kwa kawaida hutumia bolti ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi.

Sumaku hugusana na bodi kupitia kapasitansi, kwa sababu rangi ya gari iko katikati. Kwenye VHF kapasitansi hiyo inatosha kabisa, ndiyo maana sumaku hufanya kazi nzuri kwenye mita 2. Kwenye MHz 7 haitoshi. Mkondo hutafuta njia nyingine ya kurudi na huipata juu ya ngozi ya kebo yako, kisha unaingia nao garini hadi kwenye kipaza sauti. Sumaku tatu au nne zilizounganishwa pamoja husaidia, lakini hazifikii bolti. Safisha pia uso wa sumaku mara kwa mara, maana chembe za vumbi la chuma hujikusanya hapo na kukwangua rangi.

Vitako vya ukingoni mwa buti au boneti viko katikati ya hizo mbili. Skrubu zake ndogo lazima zikate rangi hadi kwenye chuma kitupu. Zisipokata, umefunga antena kwenye rangi.

Paa langu ni la alumini au la fiberglasi. Nifanyeje?

Alumini ni kondakta mzuri sana. Tatizo ni sumaku kutoshika, basi tumia bolti au kitako cha kubana. Kwa fiberglasi, bandika chini ya paa bamba la shaba au alumini lenye upana wa karibu mita moja kwa ajili ya bendi ya mita 2, au chukua antena ya nusu wimbi. Kwa HF kwenye bodi ya fiberglasi itabidi uunganishe fremu ya chini na kila chuma kikubwa unachoweza kukifikia.

Koili ikae chini, katikati au juu?

Chini ya koili mkondo huwa karibu sawa kote; juu yake hupungua hadi kufikia sifuri nchani. Kadiri unavyopandisha koili, ndivyo kipande kirefu zaidi cha antena kinavyobeba mkondo kamili, na ukinzani wa mnururisho unapanda. Koili ikiwa katikati, ukinzani huo huweza kufika karibu mara mbili ya ule wa koili iliyo chini. Gharama yake ni kwamba fimbo iliyobaki juu ni fupi, kapasitansi yake ni ndogo, hivyo koili inatakiwa kuwa kubwa zaidi, na koili kubwa ina upotevu mkubwa. Ukiipeleka juu kabisa inakuwa kubwa mno kiasi cha kula faida yote. Ndiyo maana antena nyingi nzuri huiweka kati ya katikati na theluthi mbili za urefu.

Koili nzuri inatambulikaje?

Itazame. Waya uwe mnene, mizunguko iachane kwa nafasi inayokaribia unene wa waya wenyewe, na kipenyo kiwe kikubwa. Koili nyembamba kama kalamu yenye waya wa nywele haiwezi kuwa nzuri hata ikiwa na jina kubwa. Urefu wa koili usizidi sana kipenyo chake: mara moja hadi mara mbili ni sawa, na hata mara nne bado inakubalika. Vifuniko vipana vya chuma kwenye ncha zake huharibu ubora, vivyo hivyo plastiki nzito inayoizunguka, na maji.

Koili hii hubeba volti nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua wati 100 kwenye antena ya MHz 7 yenye jumla ya omu 18: mkondo ni ampea 2.4 hivi, na kama koili ina mwitikio (upinzani wake kwa mkondo wa masafa hayo) wa omu 1,500, kati ya ncha zake kuna zaidi ya volti 3,500. Isiguswe na mtu, wala isigusane na tawi bichi, wakati wa kurusha.

Kofia ya kapasitansi inasaidia kweli?

Inasaidia sana, ikiwekwa mahali pake. Ni nyaya chache zilizotandazwa, au pete, ambazo huongeza kapasitansi ya sehemu ya juu ili koili iweze kupunguzwa. Mahali pake ni nchani mwa fimbo. Wengi huifunga papo hapo juu ya koili kwa sababu ni rahisi kuishikilia dhidi ya upepo, na hapo huanza kuharibu ubora wa koili iliyotakiwa kusaidiwa. Kama upepo hauruhusu kuiweka juu kabisa, iache mbali na koili kadiri mlingoti utakavyostahimili.

Antena ya bisibisi ni nini?

Ni antena ya HF ambayo koili yake hupanda na kushuka ndani ya bomba la chini kwa mota ndogo ya umeme. Vidole vya chuma vilivyo kwenye mdomo wa bomba hugusa koili, na mizunguko iliyobaki ndani ya bomba haihesabiki. Jina lilitokana na mota ya bisibisi ya betri iliyotumika katika zile za awali. Don Johnson, mwenye alama ya wito W6AAQ huko Marekani, ndiye anayetajwa kuwa baba wa muundo huu, ulioenea miaka ya 1990.

Faida yake ni kubwa: dereva aliyesimama pembeni anabonyeza swichi na kuhama kutoka MHz 7 hadi MHz 21 bila kushuka garini. Udhaifu wake ni kwamba koili iko chini kiasi, na vidole vikichafuka huleta cheche. Waya wa mota nao huwa njia ya mawimbi kuingia garini, hivyo upitishe mara kadhaa kwenye feraiti (pete inayozuia mawimbi yasisafiri juu ya waya) karibu kabisa na kitako cha antena.

Na zile fimbo za fiberglasi za bendi moja moja?

Ni nyepesi na hubadilishwa haraka. Kwenye MHz 14 na kwenda juu hufanya kazi ya heshima. Kwenye MHz 7 zinaanza kuchoka, na kwenye MHz 3.6 waya wake mwembamba uliozungushwa kwenye fimbo nyembamba hupoteza karibu kila kitu. Kwa anayeanza, moja ya MHz 14 na nyingine ya MHz 28 ni mwanzo mzuri.

SWR yangu ni 1:1 bila kifaa chochote cha kulinganisha. Si ndiyo ubora wenyewe?

Kwenye HF, hiyo ni dalili ya kukutia wasiwasi. Tupige hesabu kwa antena ya MHz 7 ambayo mnururisho wake ni omu 3. Antena ya kwanza ina koili safi inayopoteza omu 5, na gari lililounganishwa vizuri linalopoteza omu 10. Jumla ni omu 18. SWR itasoma karibu 2.8, na mwenye nayo atahuzunika. Lakini katika kila wati 100, karibu 17 zinaruka hewani.

Antena ya pili ina koili mbovu ya omu 22 na ardhi mbovu ya omu 25. Jumla ni omu 50 barabara, SWR ni 1:1, kila mtu anapongeza. Katika kila wati 100, zinazoruka ni 6. Yule wa kwanza anamzidi wa pili kwa zaidi ya desibeli 4, ambazo ni sawa na wa pili kulazimika kuzidisha nguvu yake karibu mara tatu ili amfikie.

SWR inakuambia kama redio na kebo vinapatana na mzigo, na mzigo wa majaribio usiorusha chochote nao husoma 1:1. Kipimo kingine cha haraka ni upana wa masafa: antena fupi ya HF inayokubali bendi nzima ya mita 80 (ile ya MHz 3.6) bila kurekebishwa inapata upana huo kutoka kwenye upotevu. Nzuri huwa na upana mdogo tu wa masafa, nawe hulazimika kuirekebisha kila unapohama.

Basi hizo omu 18 nazifikishaje 50?

Njia ninayoipenda ni koili ndogo inayounganishwa kati ya mguu wa antena na bodi. Ifanye antena iwe fupi kidogo kuliko urefu wa rezonansi ili ibaki na mwitikio mdogo wa kapasita, kisha koili hiyo inamalizia kazi. Kwa mfano wetu wa omu 18 kwenye MHz 7.1, inatakiwa mikrohenri 0.84 hivi: kama mizunguko 7 ya waya mnene kwenye kipenyo cha milimita 25, ukitandazwa kwa urefu wa milimita 23, halafu unaivuta au kuibana hadi SWR ishuke. Koili hiyo pia humwaga kwenye bodi chaji tuli inayojikusanya kwenye fimbo wakati wa vumbi na mvua.

Tyuna (kifaa cha kulinganisha) iliyo ndani ya redio haiwezi kufanya hiyo kazi?

Inaweza kuituliza redio. Haiwezi kupunguza upotevu wa koili wala wa ardhi, na ikiwa antena iko mbali na rezonansi, kebo nayo inaanza kupoteza. Tyuna inayofungwa pale pale mguuni mwa fimbo ndefu ni habari tofauti na inafaa kufikiriwa, mradi waya wake wa ardhi uwe mfupi sana.

Kuunganisha sehemu za bodi kunamaanisha nini, na ni lazima?

Milango, boneti, kifuniko cha buti na bomba la ekzosi hushikwa na bawaba zenye grisi au na mipira. Kwa macho ni gari moja. Kwa mawimbi ni visiwa vya chuma. Viunganishe kwa mkanda mpana wa shaba iliyosukwa, mfupi kadiri inavyowezekana. Anza na kile kilicho karibu na antena: kifuniko cha buti au boneti ilikofungwa, kisha ekzosi kwenye fremu katika sehemu kadhaa, kisha injini na bodi.

Kwangu hii ndiyo kazi yenye malipo makubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Inapunguza omu za ardhi, na inapunguza kelele kwa kuwa ekzosi isiyounganishwa hubeba kelele za injini na kuzirusha kama antena. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, tumia washa yenye meno, kisha paka grisi au rangi juu ya maungio ili kutu isiingie.

Kebo ipi, na plagi ipi?

Kwenye HF, mita 5 za kebo nyembamba ya koaksi ya RG-58 hazina neno. Kwenye MHz 145 mita hizo hizo zinapoteza kama desibeli moja, yaani sehemu moja kati ya tano za nguvu. Kwenye MHz 435 inakaribia desibeli mbili, zaidi ya theluthi. Kwa sentimita 70 chukua kebo nene zaidi, au fupisha. Usiibane kwenye mlango hadi ikapondeka, na usiikunje kwa kona kali. Plagi ya PL-259 haizuii maji, hivyo kama iko nje izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe.

Springi inahitajika?

Kwa fimbo ndefu inayogonga matawi, ndiyo, na hakikisha ndani yake kuna mkanda wa shaba unaopitisha mkondo. Springi laini mno huilaza antena gari linapokimbia, na rezonansi inahama nayo. Kamba ya nailoni ya kuishikilia ni jawabu la kawaida kwa antena nzito.

Nasikia kelele tu injini ikiwaka. Nianzie wapi?

Toa kwanza antena kwenye redio. Kelele ikibaki, inapitia kwenye waya wa umeme. Vuta nyaya mbili za redio kutoka kwenye betri moja kwa moja, kila moja na fyuzi karibu na betri. Magari mengi ya sasa yana kihisi kwenye kichwa hasi cha betri. Hapo waya hasi ufungwe kwenye bodi, pale waya wa ardhi wa betri unapoishia. Redio ya wati 100 hula ampea 20 au zaidi, hivyo waya usiwe mwembamba.

Kelele ikiondoka ulipotoa antena, inaingia kwa njia ya hewa. Mlio unaopanda na kasi ya injini huelekeza kwenye alternata au plagi za moto. Mvumo usiobadilika huelekeza kwenye pampu ya mafuta, taa za LED au chaja ya simu. Chomoa kimoja kimoja. Feraiti ya mchanganyiko namba 31 kwenye nyaya za kifaa chenye hatia hufaa kwa HF, na waya upite ndani yake mara nyingi uwezavyo.

Usalama je?

Zima redio kabla ya kugusa antena, na usirushe mtu akiwa ameegemea gari. Pima urefu wa gari pamoja na antena, uubandike mahali dereva anapoona, na usisimame chini ya nyaya za umeme. Kebo isipite mbele ya mifuko ya hewa. Paa la chuma huwakinga waliomo ndani, lakini antena ya kubandika kwenye kioo iko jirani na vichwa vyao, hivyo punguza nguvu. Kurekebisha masafa ya antena ni kazi ya gari lililosimama.

Jana ilikuwa sawa, leo SWR imepanda ghafla. Nitazame nini?

Kitako kwanza: kutu, bolti iliyolegea, maji. Halafu plagi zote mbili; zishike na uzitikise taratibu huku mwenzako akisoma mita. Kisha mikanda ya shaba iliyokatika kwa mtikisiko. Ukipima kwa omita kati ya katikati ya plagi na ngao yake, antena yenye koili ya kulinganisha itaonyesha kama imeshikana kabisa; hilo si hitilafu. Isiyo na koili hiyo inatakiwa isionyeshe muunganiko wowote. Na kama umeegesha karibu na ukuta wa chuma au gari jingine kubwa, sogea mita kadhaa upime tena kabla hujafungua hata nati moja.